Siku Safi ya Mbayana

Nilipoondoka kwetu hakuna aliyenisindikiza. Nalisema hili mapema kwa sababu bado linaniuma. Nilifunga mlango, nikampa jirani ufunguo kupitia dirishani, naye akaupokea huku akiendelea kuzungumza na simu yake. Basi, ndivyo nilivyoaga. Namna nilivyofika Mbayana si habari ya kumchosha msomaji: ulikuwa mchanga, halafu mchanga tena, halafu mji.

Niliingia muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Katikati ya mji palikuwa na mnara mrefu, na juu ya mnara kamera nne, kila moja ikitazama upande wake. King'ora kililia, na kila mtu akaacha alichokuwa akikifanya akakimbilia mahali fulani. Nilidhani ni moto. Nikamuuliza mzee mmoja kulikoni. Hakunijibu, aliinama mbele yangu, akashika ugoko wake wa kushoto kama anayejikuna, akabaki vivyo hivyo. Kando yake kinyozi aliweka wembe kwenye kidevu cha mtu asiye na ndevu hata moja. Wanaume wawili walisimama uso kwa uso wakanyoosheana vidole, midomo wazi, bila sauti. Juu ya paa niliona punda, na nilipotazama vizuri nikagundua kuwa ni ngozi ya punda iliyojazwa majani makavu. Mji wote ulinyamaza. Mimi peke yangu nilikuwa natembea, na ingawa upweke nimeuzoea, sijawahi kuuona mkubwa kiasi kile.

King'ora kilipolia mara ya pili watu walishusha pumzi, wakanyoosha migongo, wakarudi kwenye shughuli zao. Askari wawili wakanishika mkono kwa adabu na kunipeleka Idara ya Uangavu.

Mkuu wa idara aliitwa Bwana Idarusi. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na alinikaribisha kiti kabla ya kunishtaki.

"Karibu sana, mgeni wetu," alisema. "Umetuchafulia hewa kidogo, lakini tunakusamehe. Hukujua."

"Hewa? Mimi nimetembea tu."

"Ndiyo hiyo. Umetembea."

Akanieleza, na maelezo yake nayatoa hapa kama nilivyoyapata. Zamani Mbayana ilisumbuliwa na vumbi la jangwani. Maji ya mji huletwa na malori kutoka visima vya mbali, na madereva hawaingii jangwani mpaka Mnara utangaze kuwa mji unaonekana. Ikabidi ipatikane njia ya kulipima vumbi. Wataalamu wakangoja siku moja safi kabisa, wakapiga picha ya mji kuelekea pande zote nne, wakaiita Picha ya Siku Safi. Tangu hapo kila adhuhuri kamera hupiga picha nyingine na kuilinganisha na ile ya kwanza. Kinachopungua, kinachofifia, kisicholingana, huhesabiwa kuwa ni vumbi.

"Ni akili nzuri," nilisema, na nilikuwa mkweli.

"Nzuri sana. Mwanzoni tulipata shida. Siku nyingine hewa ilikuwa safi kabisa lakini kamera ikasema kuna vumbi. Tulichunguza, tukakuta mtu amejenga ghorofa, au amefunga duka, au amekufa. Kamera haina kosa, bwana. Ikisema kuna tofauti, tofauti ipo. Na tofauti ni vumbi. Kwa hiyo tukaamua kuliondoa kwenye mzizi wake."

Mzizi wenyewe ulikuwa wananchi. Ikatungwa sheria kwamba kila adhuhuri kila mtu awe pale alipokuwa Siku Safi, akifanya alichokuwa akikifanya. Yule mzee alikuwa kijana aliyeumwa na mbu. Wale wawili waligombana siku ile kwa jambo ambalo hakuna anayelikumbuka, na jioni yake walipatana. Lakini kwa kunyoosheana vidole miaka yote hiyo, nasikia sasa hawasalimiani tena.

"Na anayekufa?"

"Tunaweka mwingine wa kimo chake."

"Na anayezaliwa?"

"Anakaa ndani saa hiyo, madirisha yamefungwa, mpaka atokee marehemu anayelingana naye. Vijana wetu ni wavumilivu sana."

"Na vumbi lenyewe, Bwana Idarusi? Hili ninalolitema tangu asubuhi?"

Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Watu wakikaa mahali pao," alisema, "vumbi litatoka wapi?"

Mgeni huko hana hiari ila moja kati ya mbili: kufungiwa ndani pamoja na vijana, au kupewa nafasi ya marehemu. Bahati ilinipata, au ndivyo walivyosema wao, kwani upande wa magharibi ulikuwa umempoteza mtu wake wa barabarani. Wakanipima mabega. Wakanipa kanzu ya rangi ya kahawa na furushi la kijani. Kazi yangu ilikuwa kusimama nje ya lango, mbali kidogo kwenye barabara ya jangwani, mgongo nimeupa mji, mguu mmoja mbele, furushi begani. Nilikuwa kijana anayeondoka. Kwamba nina kitambi na nusu ya meno yangu imekwisha haikuwahusu, kamera ilitaka mgongo tu.

Desturi ilikuwa mtu wa barabarani alale katika chumba cha uani cha Bi Zuwena, naye ndiye mwanamke wa langoni, yule ambaye kwenye picha amesimama mkono juu akimtazama anayeondoka. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kusema maneno machache na kuyasema kwa nguvu. Nilipobisha hodi hakunitazama usoni.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Akanizunguka mgongoni.

"Bega la kushoto lishushe. Zaidi. Twaibu akibeba kitu kulia, la kushoto hulishusha." Kisha akaongeza, "Haya, kula. Wali upo."

Twaibu alikuwa mwanawe wa pekee, naye ndiye niliyemwakilisha. Habari yenyewe aliniambia kidogo kidogo, sahani hii na sahani ile. Siku Safi mama na mwana waliamka wakigombana. Kijana alitaka kwenda kutafuta maisha, mama hakutaka. Twaibu akafunga furushi, akatoka. Mama akabaki ndani amenuna, halafu akajuta, akakimbia hadi langoni, akainua mkono.

"Idara wanasema nilikuwa naaga," alisema. "Wameandika hivyo chini ya picha, mwanamke anayeaga. Mimi sikuwa naaga, mgeni. Nilikuwa namwita arudi. Niliinua mkono kwanza ili nimwite, na picha ikapigwa kabla sijafungua mdomo. Nilipomwita, upepo ulikuwa umegeuka. Hakusikia."

Tangu hapo kila adhuhuri alikwenda langoni akainua mkono, na migongo ya wageni ikasimama barabarani mmoja baada ya mwingine. Kumwita hakuruhusiwa. Kelele zingewashtua wengine, wangetikisika.

Nakiri kazi ile haikunichukiza kama nilivyotarajia. Kusimama ni kugumu na jua halina adabu, lakini mtu ambaye hakupungiwa mkono na yeyote anaweza kuzoea upesi kujua kwamba nyuma yake upo mkono ulioinuliwa. Nilijua si wangu. Hata hivyo nilianza kuingojea adhuhuri, na aibu yake naibeba mwenyewe. Tena nilikuwa mtu pekee Mbayana aliyetazama nje. Wengine wote walitazama walipotazama Siku Safi, nami nilitazama jangwa.

Siku moja dereva wa lori la maji alimletea Bi Zuwena salamu. Twaibu yu hai. Yuko kwenye visima vya mbali, ameamua kurudi, na kwa kuwa madereva hawachukui abiria anakuja kwa miguu. Bi Zuwena aliketi chini pale pale kwenye tope la mabomba ya lori. Kisha akainuka, akavaa buibui lake jema, akaenda kwenye Baraza la Uangavu kuomba mwanawe aruhusiwe kuingia mjini. Mimi nilimfuata, maana jambo lilinihusu mgongo.

Baraza liliketi kwa heshima zote. Bwana Idarusi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole uleule, "Bi Zuwena, dada yangu, mbona unatuomba kitu ulicho nacho? Mwanao hajapotea. Yuko barabarani kila adhuhuri. Kamera inamwona."

"Huyo ni mgeni huyu hapa," alisema Bi Zuwena, akaninyooshea kidole.

"Kwa upande wa uangavu, ni mwanao. Sasa akija wa pili, atakuwa nani? Mtu mmoja hawezi kuwa anaondoka na anakuja. Huyo wa pili ni vumbi."

Mwanasheria wa Baraza, mama mmoja mnene aliyeitwa Bi Kidawa, alikuwa na moyo, akapendekeza Twaibu aingie kinyumenyume, ili kamera ione mgongo wake wakati wote. Hoja ikajadiliwa kwa makini. Mjumbe mmoja akapinga kwamba mtu anayekuja, hata akija kinyumenyume, huzidi kuwa mkubwa, na kwenye picha mtu wa barabarani ni mdogo. Mwingine akasema basi apewe kazi ya kuwa yeye mwenyewe, achukue furushi, asimame mahali pake. Hili lilipendwa na wengi, hadi Bwana Idarusi alipokumbusha kwamba Twaibu kwenye picha anatoka, kwa hiyo asimame tu barabarani, mjini asiingie kamwe.

"Mbona huyu anaingia?" Bi Zuwena akapandisha sauti. "Anakula kwangu, analala kwangu, anakoroma kwangu!"

"Huyu si mwanao," alijibu Bwana Idarusi. "Ndiyo maana anaruhusiwa."

Ombi likakataliwa kwa kauli moja, na Bi Kidawa akafuta machozi.

Jioni ile hakupika. Aliketi uani, akaniita.

"Nataka unitendee jambo moja tu. Wewe utamwona kabla yangu, maana unatazama huko. Mimi macho yangu hayafiki. Siku utakayomwona anakuja, keti chini. Keti tu mchangani. Mimi nikiona barabara haina mtu aliyesimama, nitajua, nami nitakwenda kumpokea huko huko, hata kama mnara utaanguka."

Nilimwambia nikiketi upande wote wa magharibi utahesabiwa vumbi, na yeye akitoka langoni ndiyo kabisa. Malori hayatakuja. Majirani wana watoto wadogo.

"Najua. Mtungi wangu utazungushwa nyumba kwa nyumba, nami nitalala na kiu. Watanitukana siku moja, mbili. Mimi nimesimama kwa ajili ya maji yao tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

Nikamwahidi. Sikuwa shujaa, nilikuwa mtu aliyekula wali wake.

Baada ya siku kadhaa za hewa tulivu, adhuhuri moja king'ora kilipolia nilikuwa nimekwisha kusimama. Nikaona magharibi yote imekuwa ya rangi ya hudhurungi. Vumbi lenyewe, la kweli, lilikuwa linakuja limesimama wima kutoka ardhini hadi mbinguni. Nyuma yangu hakuna aliyeliona, kila mtu alikuwa ametazama alipopaswa. Likatupiga. Mnara ukapotea, lango likapotea, mkono wangu mwenyewe nikauona kwa taabu. Mara nikasikia filimbi za askari na sauti zikipokezana mjini, "Nani amesogea? Kamera haioni kitu! Nani amesogea?" na wananchi wakijibu huku wakikohoa, "Mimi nipo! Mimi nipo hapa!"

Ndani ya vumbi lile akatokea mtu. Alikuwa na ndevu zenye mvi, kitambaa mdomoni, mzigo begani. Alishtuka kuniona.

"Mzee, mbona umesimama kwenye balaa hili?"

"Wewe ni Twaibu?"

"Umenijuaje?"

"Nafanya kazi yako," nilisema, na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, niliketi chini mchangani.

Nikageuka kutazama lango. Sikuona lango. Ndipo nilipoelewa ubure wa kuketi kwangu: kama mimi simwoni, yeye hanioni. Bi Zuwena alikuwa amesimama mahali fulani ndani ya vumbi, mkono juu, akingoja ishara isiyoweza kumfikia. Nikainuka, nikamshika Twaibu mkono, nikamwongoza kwa kupapasa.

Tulimkuta mahali pake. Kanga amejifunika mdomo, macho ameyafinya, mkono umeinuka wima. Twaibu alisimama mbele yake. Alijaribu kusema, na neno lilipotoka lilikuwa dogo kuliko upepo.

"Mama."

Bi Zuwena aliona dume la makamo lenye ndevu limesimama kati yake na barabara. Akainamisha kichwa pembeni ili atazame nyuma yake.

"Nipishe, baba, tafadhali," alisema. "Nina mtu wangu barabarani."

Nilifungua mdomo niseme, vumbi likaingia, nikashikwa na kikohozi hadi nikapiga magoti. Katika kukohoa kule nilimwona Twaibu akiutazama ule mkono ulioinuka, mkono wa kumwambia mtu nenda salama. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia njia nzima. Akapandisha mzigo wake begani, akageuka, akaondoka.

Nilitamani kufa pale pale. Miaka yote ile, halafu mpumbavu mmoja anakohoa.

Upepo ulilegea kidogo. Vumbi likapungua, barabara ikaanza kuonekana, na juu yake mtu mmoja anaondoka, mzigo bega la kulia, bega la kushoto limeshuka. Nikasikia Bi Zuwena akivuta pumzi.

"Huyo," alisema. "Huyo si wa idara."

Na akamaliza alichokianza Siku Safi. Alimwita. Sijui niiandikeje sauti ile. Askari waliacha filimbi. "Twaibu! Rudi, mwanangu! Rudi, nimekosa mimi!" Mtu wa barabarani akasimama, akageuka. Bi Zuwena alikuwa amekwisha kutoka langoni, kanga imeanguka, anakimbia kwa miguu iliyosahau kukimbia, na mkono bado uko juu, maana bega lilikuwa limekazana. Walikutana pale pale nilipokuwa nikisimama mimi. Twaibu ndiye aliyeushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha taratibu, akauweka mgongoni kwake.

Bwana Idarusi alifika akihema, amefunikwa na mchanga hadi kope. Alitazama lango tupu, akatazama barabarani, akahuzunika kweli. Muda mfupi baadaye mnara ulitangaza: "Leo mji hauonekani. Sababu: mwanamke mmoja wa lango la magharibi amesogea."

"Na hili vumbi, Bwana Idarusi?" nilimuuliza, nikikung'uta nguo yangu mbele yake.

"Si ndilo nililolitangaza sasa hivi?" alisema. "Sababu yake ni huyo."

Malori yalichelewa, na kuna watoto waliolia kwa kiu, hilo silifichi. Bi Zuwena aliuzungusha mtungi wake kama alivyosema. Wengi walikunywa bila kumtazama. Asubuhi ya pili yeye na Twaibu walifunga mizigo, kwani alikuwa ameondolewa kwenye picha na hakuwa na pa kusimama. Hakuna jirani aliyetoka kumuaga. Nilimsindikiza mimi.

"Na wewe nenda kwenu," aliniambia.

"Kwetu hakuna anayenisubiri, Bi Zuwena."

"Basi nenda hivyo hivyo. Hapa hata anayesubiriwa haruhusiwi kufika."

Aliushika mkono wangu kwa ule mkono wake, kisha wakaondoka, naye hakutazama nyuma. Niliumia kwamba hakutazama nyuma, kisha nikajiambia ana haki.

Langoni waliwekwa watu upya. Walimchagua binti mmoja wa ndani, wa kimo chake, aliyefurahi kuliona jua la adhuhuri kwa mara ya kwanza. Aliinua mkono vizuri, hakutikisika. Nilisimama mbele yake adhuhuri kadhaa, nikagundua kwamba sasa hakuna kitu nyuma yangu ila mkono.

Siku niliyoondoka sikuaga Idara. King'ora kilipolia nilikuwa mahali pangu, furushi begani, mguu mmoja mbele. Nikaleta na wa pili. Juu ya mnara hawakuona ajabu, mtu anayeondoka anafanana sana na mtu anayeondoka. Nilitembea polepole kuliko ilivyohitajika. Bega la kushoto nililishusha, sijui kwa nini, hakuna aliyeniambia. Nilijua mkono uko juu, na nilijua binti yule halijui hata jina langu. Nilitega sikio njia yote mpaka king'ora cha pili kilipolia kwa mbali, lakini hakuna aliyeita.